Pembetatu Tano za Chumba cha Kati

Pembetatu zilikuwa thelathini na tano. Nilijua hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, nikasimama mbele ya darasa zima nikasema ni thelathini. Siku tatu baadaye rafiki yangu Filomena alipandishwa kwenye lori pamoja na mjomba wake, na tangu hapo sijamwona.

Sikupanga kuyaandika haya. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliacha daftari lake la hesabu juu ya meza ya kulia chakula. Ukurasa ulikuwa wazi, na juu yake palichorwa pembetano yenye pande sawa, kila pembe imegawanywa sehemu tatu kwa mistari iliyovuka hadi upande wa pili. Chini yake swali: kuna pembetatu ngapi? Mtoto alikuwa ameandika jibu kwa penseli, akalifuta, akaandika tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

“Bibi, hii inanichosha,” aliniambia. “Kila nikihesabu napata nyingine.”

Nilishika lile daftari, nikasikia puani moshi wa maganda ya korosho, ule unaowasha macho, ingawa mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyewasha moto. Nilimwambia mjukuu wangu aende kuoga. Nikabaki nimekaa na ule mchoro mpaka chai yangu ikapoa.

Shule yetu ilikuwa kati ya kijiji cha Mkunya na ukingo, pale ambapo ardhi ya juu inakatika ghafla. Ukisimama ukingoni unaliona bonde lote mpaka ule mstari wa mto, na ng’ambo ya mto ni nchi nyingine, ambayo siku zile ilikuwa vitani. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, na shule ilikuwa katikati. Nyuma ya darasa tulichimba handaki. Ndege ikisikika, mwalimu alipuliza filimbi, nasi tukajitosa humo wote, wakubwa juu ya wadogo. Ikishapita tulirudi kwenye hesabu za mafungu tukiwa na udongo masikioni. Siku nyingine mngurumo ulitoka ng’ambo, na sisi watoto tulibishana kama ni mzinga au ni radi. Hatukuwa tunaogopa sana. Tuliogopa zaidi tangi la maji likikauka, kwa sababu hapo zamu za kushuka bondeni zilianza, na kupanda na debe kichwani hakukuwa mchezo.

Filomena alitufikia tukiwa darasa la pili. Alikuja na mjomba wake, Mzee Nampunga, mtu mrefu mwenye mwendo wa taratibu, ambaye kila alipoingia uani kwetu alianza kwa kuomba maji na kuishia kwa kusifu ugali wa mama. Walikuwa Wamakonde kama sisi. Lugha yao ilikuwa ileile yetu, ila waliiimba kwa namna nyingine. Hata hivyo wavulana wa darasani walimwita Mmawia, neno ambalo watu wa upande wetu waliwaita ndugu zao wa ng’ambo wakitaka kuwachoma.

“Mmawia! Rudi kwenu kwa Wareno!”

Filomena alimgeukia aliyesema, Hamisi, mvulana mnene aliyekaa nyuma.

“Bibi yako wewe alizaliwa wapi?”

“Hapahapa.”

“Kamuulize. Kama hajavuka mto kwa miguu yake, basi mto ulikuja kumchukua nyumbani.”

Darasa lilicheka, hata Hamisi mwenyewe. Baadaye tulijua kwamba bibi yake Hamisi kweli alikuwa ametoka ng’ambo, akiwa amebebwa mgongoni. Mwalimu alimkalisha Filomena kwenye dawati langu kwa sababu nilikuwa peke yangu, na mimi nilikuwa peke yangu kwa sababu nilikuwa kiranja na watu walidhani ninasema kila ninachokiona. Walikuwa sahihi. Nilikuwa na kijidaftari. Niliandika nani amechelewa, nani hakuleta kuni, nani alisinzia wakati wa siasa.

Filomena alihesabu kwa Kireno, kwa sauti ya chini, kisha akatafsiri jibu. Alikuwa amesoma kidogo kwenye shule ya misheni kabla kijiji chao hakijachomwa. Mengine ya huko sikuyajua kwa sababu sikuuliza. Nilijua kuwa hapendi kukaa mgongo ukiwa umeelekea mlango, na kwamba akila bibo, lile tunda la mkorosho, hufumba jicho moja. Kwa miaka mitatu tulikula kutoka sahani moja siku za Ijumaa, kwetu, maana mama alikuwa amemzoea. Mama alimwita “mwenzako”. “Mwita mwenzako mle.” Nadhani hata mimi nilianza kumfikiria hivyo, kama nusu ya kitu ambacho nusu nyingine ni mimi.

Mwalimu wetu wa darasa la nne aliitwa Kaijage. Alitoka Bukoba, na ugali wa muhogo aliula kama mtu anayemeza dawa ya malaria. Alikuwa mwalimu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amchukie, nami sitaki hivyo. Alipenda maumbo. Alichonga kipimapembe cha mbao kutoka kwenye ubao wa sanduku la majani ya chai, kikubwa kama nusu ya ungo, akakiwekea alama kwa msumari wa moto. Siku za mvua, tulipokuwa hatuwezi kwenda shamba la shule, alitufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye silabasi, na alipofanya hivyo uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika kwao.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Darasa la tano lilikuwa Newala mjini, na ulipaswa kufaulu mtihani na kupewa nafasi. Mwaka ule tulipewa nafasi chache, na ya msichana ilikuwa moja. Matokeo yalipokuja, mimi na Filomena tulikuwa tumefungana. Alama zilezile. Mwalimu alizijumlisha mara mbili mbele yetu, akakuna kidevu.

“Sasa mnataka nifanye nini na nyinyi?” aliuliza, kama vile tumemkosea.

Kwangu mimi kukosa nafasi ile kulikuwa na maana ya kukaa nyumbani, kuingia unyago mwaka uleule na kusubiri kuolewa. Kwa Filomena mambo yalikuwa mazito zaidi, na niliyajua, kwa sababu niliyasikia yakisemwa uani kwetu. Wakimbizi walikuwa wanaandikishwa ili wapelekwe kwenye makazi mapya, mbali, kupita Masasi, ambako wangepewa mashamba. Mzee Nampunga alikuwa ameshaandikwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na yeye alikuja kulitoa neno hilo kwa mama.

“Mama Somoe,” alisema, “mimi mpwa wangu simpeleki porini kama ana shule. Akipata darasa la tano, atakaa bweni huko Newala, na siku za likizo nitaomba umpokee wewe.”

“Nitampokea, kaka. Kwani sasa anakula wapi?”

“Akikosa, nakwenda naye. Siwezi kumwacha msichana mkubwa hana shule hana mjomba. Watu watasema nini?”

“Na Somoe wangu?” mama aliuliza.

Mzee Nampunga alimaliza maji yake. Kisha akasema, “Ndiyo hapo penyewe,” na akaomba maji mengine.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alituambia sisi wawili tubaki. Wengine nao walibaki, wamejazana madirishani, maana habari ilikuwa imeshaenea. Alichora ubaoni pembetano, pande zote sawa. Akashika kile kipimapembe cha mbao, akapima pembe ya kwanza, akaigawa sehemu tatu zilizo sawa, akavuta mistari miwili. Akaenda ya pili. Ilipofika ya tatu tuliona jambo ambalo hadi leo linanifurahisha: mistari haikwenda ovyo. Kila mstari uliotoka kwenye pembe moja ulikwenda kutua barabara kwenye pembe nyingine, kana kwamba zilikuwa zinaitana. Katikati pakatokea nyota, na ndani ya nyota pembetano nyingine ndogo imegeuka kichwa chini.

“Hesabuni pembetatu zote,” alisema. “Ndogo, kubwa, zilizoungana, zote. Jumatatu kila mmoja aniletee idadi. Mwenye idadi sahihi ndiye atakayekwenda Newala.”

“Tukipata wote, mwalimu?” Filomena aliuliza.

“Mkipata wote nitatafuta jingine. Hii imewashinda watu chuoni.”

Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya maji. Tulishuka na madebe matupu, tulipofika mahali pa kupumzikia Filomena akavunja kijiti na kuanza kuchora mavumbini. Mkononi alikuwa na korosho mbichi alizookota njiani.

“Umepata ngapi?” aliniuliza.

“Ishirini na kitu. Nachanganyikiwa.”

“Unahesabu kwa macho. Macho yanarudia. Angalia, hii ni nyumba.” Akaweka korosho moja kwenye kila kipande cha ule mchoro. “Vyumba vingapi?”

Nilihesabu. “Kumi na kimoja.”

“Haya. Kuna pembetatu za chumba kimoja. Ngapi?”

Zilikuwa tano kwenye ncha za nyota na tano kando ya kuta za nje. “Kumi.”

“Za vyumba viwili?”

Alinionyesha: ncha moja ukiiunganisha na jirani yake wa kushoto, kisha na jirani yake wa kulia. Kumi tena. Kisha za vyumba vitatu zilizolala ukutani, ncha ikiwa katikati ya majirani wawili: tano. Kisha zile kubwa za vyumba vitano, zinazosimama kama paa la kanisa: tano.

“Thelathini,” nilisema. Nilifurahi, nikataka kubeba debe langu twende.

“Subiri. Hiki chumba cha kati kina kuta tano, siyo pembetatu, kwa hiyo watu wanakiruka. Lakini mtu anaweza kupita humo.” Akaweka kidole kwenye ncha moja, akakivuta mpaka chumba cha kati, akatokea kwenye ncha nyingine, siyo ya jirani, ya kuruka moja. “Unaona? Vyumba vitatu. Pembetatu nyembamba, ndefu. Iko imelala.”

Mwanzoni sikuiona. Alinishika kichwa akakiinamisha upande, kama mtu anayemnyoa mtoto. Nikaiona. Nikaona ya pili, ya tatu, zote tano. Ilikuwa kama pale unapotazama kichaka muda mrefu ndipo unagundua kwamba kinyonga alikuwepo siku zote.

“Thelathini na tano,” alisema. “Usimwambie Hamisi.”

“Kwa nini unaniambia mimi?”

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanatekwa. “Tukipata wote ametuambia atatafuta jingine. Tutakwenda tunafungana mpaka achoke, atupeleke wote.”

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Nimefanya kazi ya ripoti miaka mingi, nimesoma mipango ya watu wazima yenye mihuri, na sijaona mingi iliyokuwa na akili zaidi ya ule.

Jumapili mama alinituma nimpelekee mwalimu ming’oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, labda ili anikumbuke kwa wema. Mwalimu alikuwa amekwenda kuoga, na mkewe, ambaye alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba, aliniambia niingie niweke mezani. Juu ya meza palikuwa na daftari kuukuu lenye jalada la kitambaa, la masomo yake ya chuo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuangalia. Niliangalia. Mchoro uleule ulikuwepo, na chini yake, kwa wino mwekundu, pameandikwa: 30.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka niliwaza nini pale. Nakumbuka mvuke wa ming’oko ukinipanda usoni na mchi ukigonga kinu nje. Sikufikiri kuwa mwalimu amekosea. Wala sikufikiri kuwa Filomena amekosea, maana zile tano nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Nilifikiri, kama mtoto anavyofikiri, kwamba jibu ni mali ya mwalimu kama kengele na fimbo zilivyo mali yake, na kwamba jibu sahihi ni lile lililoandikwa kwa wino mwekundu, hata kama mavumbini kuna jingine. Na nilifikiri jambo la pili, ambalo halikuwa la kitoto hata kidogo: kwamba Filomena hajaliona daftari hili.

Ningeweza kwenda kumwambia. Nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka yetu, kwenye mstari uleule.

Jumatatu Mzee Nampunga alikuja shuleni. Hakuingia, alikaa mlangoni kwenye kigoda alichokuja nacho, kofia magotini. Mwalimu alimwamkia, “Shikamoo mzee,” naye akaitikia, “Marahaba, mwalimu. Nimekuja kusikia tu.” Tulitoa karatasi zetu. Mwalimu alizifungua.

“Somoe, thelathini. Filomena, thelathini na tano.” Alitabasamu kidogo, tabasamu la huruma. “Filomena, umezidisha. Zipo thelathini.”

“Zipo thelathini na tano, mwalimu.”

Darasa likaanza kunong’ona. Hakuna aliyekuwa akimjibu mwalimu hivyo. Lakini mwalimu Kaijage hakukasirika, alimpa chaki. “Njoo unionyeshe.”

Filomena alikwenda ubaoni. Alianza na za chumba kimoja, akaenda vizuri, mwalimu akitikisa kichwa kwa kukubali. Alipofika kwenye chumba cha kati Kiswahili kilimkimbia. Alisema maneno mawili ya Kireno, akajirekebisha, akasema Kimakonde chao cha ng’ambo, na nyuma kule Hamisi akaiga sauti yake. Watu wakacheka. Chaki ikavunjika. Alichovuta kilikuwa mstari uliopinda, na kusema kweli, kwa jinsi alivyokichora, hata mimi niliyejua ningeweza kukikataa.

“Hiyo umeshaihesabu,” mwalimu alisema.

“Hapana, mwalimu. Hii inapita kati. Somoe anaijua.”

Mwalimu alinigeukia. Alikuwa anauliza kwa haki, ningependa hilo lieleweke. Alitaka shahidi.

“Somoe. Hii anayoisema, ipo au haipo?”

Nilisimama. Nilimwona Filomena amenitazama, ameshatulia, kama mtu aliyetua debe kichwani pa mwenzake.

“Haipo, mwalimu.”

Hakulia wala hakubisha. Alirudisha kile kipande cha chaki kwenye ukingo wa ubao, akajifuta vidole kwenye sketi, akaja akakaa karibu nami pale pale pake pa siku zote. Mzee Nampunga aliinuka mlangoni. “Nimesikia, mwalimu. Asante kwa kazi,” alisema, akachukua kigoda chake.

Jumatano nilibeba madaftari ya darasa kuyapeleka kwa mwalimu. Alikuwa nyumbani, kwenye chumba cha ndani, nikamsikia akikohoa. Lile daftari la jalada la kitambaa lilikuwa mezani tena, na karibu yake karatasi tatu au nne zilizojaa pembetano. Mistari ya penseli imepitiwa na kupitiwa. Kwenye ukurasa, ile 30 ya wino mwekundu ilikuwa imekatwa. Pembeni pameandikwa 35, na chini yake amepiga mstari mara mbili.

“Funga hilo daftari, Somoe.”

Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba. Nikalifunga.

“Umeona nini?”

“Sijaona kitu, mwalimu.”

Alilichukua akaliweka kwapani. “Orodha imeshakwenda Newala,” alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Naomba msomaji aamini hili, kwa sababu ndilo kosa langu la kweli la utoto, yale mengine hayakuwa ya kitoto. Nilidhani mtu mzima akishaliona kosa, kosa limekwisha. Nilidhani kukata namba kwenye daftari ndiko kurekebisha kwenyewe, na kwamba yaliyobaki watu wazima watayafanya wao kwa wao: mwalimu atakwenda kwa Mzee Nampunga, barua itaandikwa, Filomena ataitwa, na mimi sitahitajika kusema chochote. Sikujua kwamba mwalimu naye, upande wake, huenda alikuwa anangoja mtu mwingine. Nilikula siku hiyo nikashiba, na mama akasema, “Leo umerudisha hamu.”

Alhamisi lori lilikuja asubuhi. Kulikuwa na familia kama nane, mikeka, vinu, kuku waliofungwa miguu. Filomena alikuwa ameshakaa juu, juu ya gunia, mgongo wake ameuegemeza kwenye kibanda cha dereva ili aone pande zote. Mama alimpa kifurushi cha korosho za kukaanga na kanga yake moja. Mimi nilisimama chini nikiangalia barabara ya upande wa shule. Nilikuwa na hakika mwalimu atatokea. Niliona mbuzi wakipita, nikaona Hamisi anakuja na mikono mfukoni, akasimama mbali, hakusema utani wowote.

“Somoe!” Filomena aliita kutoka juu.

Nikasogea.

“Ulisahau zile za kati?”

Nilishika ubavu wa lori. Dereva alikuwa anawasha gari, linakataa, anawasha tena.

“Si kitu,” Filomena alisema. “Nilikueleza haraka haraka, tukiwa njiani kwenda kuteka maji. Ningekuchorea vizuri usingesahau.”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja, hata fupi. Mjomba wake alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafunga kamba ya mizigo. Lori likawaka, likatetemeka, wanawake wakaanza kuimba, na mama akanivuta mkono nisije nikakanyagwa.

Nilikwenda Newala. Nilisoma vizuri, kila mtu alisema nafasi ile haikupotea. Mwalimu Kaijage alihamishwa mwaka uliofuata, na wakati wa kuaga alitushika mikono wote kwa zamu. Nilipofika mimi aliushika wangu muda mrefu kuliko wa wengine, akafungua mdomo, kisha akaita anayefuata. Niliposikia habari zake tena nilikuwa na watoto, na habari zenyewe zilikuwa za msiba.

Kazi ilinizungusha wilaya zote mbili, Newala na Masasi, kuandika hali ya mikorosho: Chilangala, Mkunya, Lupaso, vijiji ambavyo sasa naviona usingizini kwa majina ya wenyeviti wao. Kila nilipofika upande wa Masasi niliuliza kuhusu watu wa yale makazi. Vita vilikuwa vimekwisha, nchi ile imepata uhuru wake, na wengi walikuwa wamerudi kwao. Waliobaki hawakumkumbuka Mzee Nampunga. Mume wangu alidhani nadai kitu huko.

Halafu mwaka mmoja, sokoni Masasi, nilinunua dagaa kwa mama mmoja wa rika langu. Kimakonde chake kilikuwa kinaimbwa kama cha Filomena. Nilimuuliza alitoka wapi, akanitajia makazi yaleyale. Alikaa huko tangu utoto mpaka akaolewa. Nilimuuliza kama alimjua Filomena.

“Filomena yupi?” alisema. “Walikuwa wawili.”

“Aliyekuja na mjomba wake, Mzee Nampunga.”

“Dada, wote tulikuja na wajomba, majina yao siyakumbuki.” Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Aliweka kipimo chake chini. “Mmoja alikufa kwa surua, mvua za kwanza tu, kabla hatujajenga. Watoto wengi walikufa mvua zile. Mwingine alikuwa anawafundisha wadogo kuhesabu, hapo kwenye banda la kugawia unga. Huyo alirudi ng’ambo baada ya uhuru, alikuwa na mtoto mgongoni.”

“Alikuwa anawafundisha vipi?”

“Kuhesabu tu. Mimi sikukaa hapo, nilikuwa nabeba maji.” Alinitazama kwa makini, akitaka kunisaidia kweli. “Wako alikuwa mtoto wa nani? Niambie jina la mama yake, nitakwambia ni yupi. Mama zao nawajua, mmoja alifika baadaye kumtafuta mwanawe, mwingine hakufika.”

Nilifungua mdomo nimtajie. Miaka mitatu dawati moja, sahani moja siku za Ijumaa, na kijidaftari changu kilichojaa majina ya waliochelewa na waliosinzia. Wateja wawili walikuja wakapimiwa dagaa wao, wakalipa, wakaondoka, na yule mama bado alikuwa ananingoja.

Jina la mama yake Filomena silijui.